Leso na Jani la Isale

Klipu yenyewe ilikuwa fupi, haimalizi hata chafya. Mheshimiwa Parsimei, mbunge, anatoka kanisani baada ya harambee ya mabati, anasalimiana na waumini mlangoni. Bibi kizee mwenye kilemba cha kijani anamshika mkono kwa mikono yake miwili, anamtazama usoni kama mtu anayengoja kuambiwa kitu. Mheshimiwa anatabasamu, anajinasua taratibu, kisha anachomoa leso nyeupe mfukoni na kujifuta kiganja. Basi, hakuna zaidi. Lakini siku hizi watu hawahitaji zaidi ya hapo. Kufikia Jumatatu leso ile ilikuwa imefika Dar es Salaam na kurudi, imetiwa muziki, imetiwa vikatuni, na vijana wa Kaloleni walikuwa wakipeana mikono vijiweni na kujifuta kwa matambara ya gereji huku wakicheka mpaka wanakaa chini.

Nancy hakucheka. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha mambo ya namna hiyo hayatokei. Kwenye makaratasi aliitwa ofisa mawasiliano wa mbunge, ila kwa kweli alikuwa mlezi wa mtu mzima. Ndiye aliyechagua shati, aliyekumbusha majina ya wachungaji, aliyesimama nyuma ya umati akifumba macho kila Mheshimiwa aliposhika kipaza sauti bila karatasi. Kule Nduruma bwana huyu aliwahi kusifu mahindi ya wakulima kwa dakika nzima huku amesimama katikati ya shamba la mtama. Lile lilipita. La leso lilikataa kupita.

Na lilikuja wakati mbaya kuliko wakati wote. Kesi ya kupinga ushindi wake ilikuwa mahakamani na hukumu ilipangwa Ijumaa. Jaji angesema ushindi ubaki, au angesema uchaguzi urudiwe. Kampeni haikuwa imeruhusiwa, kwa hiyo kila mtu aliifanya kwa jina lingine: misiba, mahafali, harambee, kutembelea wagonjwa ambao hata hawakujua kwamba wanaumwa kiasi hicho. Simu ya Nancy haikutulia. 

Ukweli, kama kuna aliyeutaka, ulikuwa mdogo sana. Mheshimiwa ana viganja vinavyotoka jasho. Tangu shuleni vinatoka jasho, naye anaona aibu, ndiyo maana leso haimtoki mfukoni. Alikuwa anafuta jasho lake mwenyewe. Sasa nenda kawaambie hivyo vijana wa Kaloleni, uone kama utatoka salama.

Nancy aliirudia ile klipu mara nyingi, mpaka siku moja akaacha kumtazama mbunge na kumtazama bibi. Kile kilemba. Ile namna ya kuinamisha kichwa upande mmoja.

"Jamani," akasema peke yake ofisini. "Si Koko huyu?"

Alikuwa Koko wake, kama walivyowaita bibi zao kwao mlimani, ndugu wa tumbo moja wa bibi yake mzaa baba. Nancy alizaliwa kwenye chumba cha kupanga Kaloleni, lakini likizo zake zote za utotoni alizimalizia kwa Koko, juu huko mlimani, kati ya migomba na kahawa. Alikunywa maziwa yake, alilala kitanda kimoja naye, alichapwa kwa fimbo yake ya mti wa kahawa. Kisha akaenda chuo Dodoma, baba akafariki, kazi ikaanza, na njia ya mlimani ikaota nyasi. Hata mtoto wa kwanza wa Koko, baba mdogo Kaanaeli, alipofariki, Nancy hakupanda kumzika. Alikuwa na mitihani. Aliambiwa Kaanaeli alikuwa utingo kwenye lori la mawe, breki zikakatika mteremkoni. Lori la tajiri mmoja wa mjini, walisema. Nancy alilia siku ile, akatuma pole kwa simu ya jirani, na mambo yakaishia hapo.

Sasa, badala ya kuona haya, alifurahi. Furaha hiyo ndiyo baadaye ilimchoma kuliko vyote. Aliona njia ya kumtoa Mheshimiwa kwenye shimo.

Isale ni mmea wa majani marefu unaopandwa mipakani mwa vihamba, yaani mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba, na kwa Wameru una kazi nyingine nzito kuliko ya mpaka. Uliyemkosea ukimpelekea jani lake, hawezi kukukatalia. Hata kama ni jambo la damu, atalipokea. Sharti ni kwamba aliyelileta ataje kosa lake kwa mdomo wake mwenyewe, mzee wa ukoo akisikia. Nancy alilijua hilo toka utotoni, kama alivyojua kwamba moto unaunguza.

"Yaani nampa jani, ananisamehe?" Mheshimiwa aliuliza, akiwa amekaa kwenye kochi la ofisini, tai imelegea.

"Kosa unalitaja kwanza, Mheshimiwa."

"Leso."

"Leso."

"Na hawezi kukataa?"

"Hawezi."

Mheshimiwa alicheka kwa mara ya kwanza wiki ile. "Sasa wewe Nancy, kitu kama hicho ulikificha wapi siku zote? Twende Alhamisi, kabla ya hukumu. Na tuirushe mubashara, wasije wakasema tumekatakata."

Nancy akampigia mzee wa ukoo, Babu Sifaeli, aliyekuwa jirani wa Koko kihamba kwa kihamba.

"Nancy, mwanangu! Umepotea kabisa," sauti ya mzee ilisema.

"Shikamoo, babu. Kazi tu."

"Marahaba. Sema."

Nancy alieleza kwamba Mheshimiwa Parsimei anataka kumletea Koko isale.  Mzee akauliza, polepole, "Kosa lake analijua?"

"Analijua, babu."

"Na yuko tayari kulitaja kwa mdomo wake? Watu wakisikia?"

"Yuko tayari. Hata kwenye simu tutaonyesha, watu wote waone."

Nancy alimsikia mzee akikohoa, akivuta kiti na kukaa.

"Basi ni mwanaume," mzee alisema hatimaye. "Mimi sikumtegemea. Mwambie aje. Mama Kaanaeli nitamwandaa mwenyewe."

Nancy alikata simu akiwa na mashaka. Mzee alikuwa amelichukua suala la leso kwa uzito mno. Akajiambia ndivyo wazee walivyo, akarudi kwenye kuandika maneno ya Mheshimiwa. Hata hivyo usingizi ulimkimbia. Mbunge akianguka, yeye atatafuta kazi nyingine, hilo si geni mjini. Lakini safari hii mchezo wa picha ulikuwa unapelekwa nyumbani kwao. Ukiharibika, hakuna mlango hata mmoja kule juu atakaoweza kuubisha tena.

Alhamisi asubuhi mlima ulikuwa umejifunika mawingu na njia ilikuwa tope tupu. V8 ya Mheshimiwa ilipanda ikinguruma, Daniel mpiga picha mbele na dereva, Nancy nyuma na mbunge, jani la isale limelazwa kati yao juu ya gazeti.

"Umwite Mama Kaanaeli," Nancy alimwelekeza. "Usimwite bibi. Hawa vijana wa mtandaoni watasema unamdharau."

"Mama Kaanaeli. Kaanaeli ndiye nani?"

"Mtoto wake wa kwanza. Alishafariki."

"Ooh, pole yake. Aliumwa?"

Nancy alifungua mdomo kujibu, simu ya wakili ikaingia. Mheshimiwa akazungumza na wakili mpaka getini, huku akijifuta viganja, na kati ya sentensi na sentensi akijikumbusha kwa kunong'ona: Mama Kaanaeli, Mama Kaanaeli.

Nancy aliposhuka alijua kuna kitu hakiko sawa. Alitegemea bibi na majirani wachache, watoto wakichungulia, mtu mmoja mwenye utani. Alikuta uwanja umejaa. Wanaume walikuwa wamevaa makoti, wanawake khanga nyeusi. Hakuna aliyecheka wala aliyeitoa simu yake. Koko alikuwa amekaa kwenye kiti mbele ya nyumba, amevaa gauni la kanisani na kile kilemba cha kijani, na kando yake kulikuwa na stuli. Juu ya stuli ile, picha ya baba mdogo Kaanaeli, iliyozoea kuning'inia sebuleni, ilikuwa imeegemezwa ukutani na kufutwa vumbi.

 Picha ya nini? Nancy akataka kumwendea Koko, apige magoti, aulize. Lakini Babu Sifaeli alikuwa tayari amemshika Mheshimiwa mkono na kumwongoza mbele, na Daniel alikuwa amekwishasimamisha kamera.

"Dada, tuanze?" Daniel aliuliza. "Watu wameshajaa huku mtandaoni. Wanangoja."

Hapo ndipo angeweza kusema subiri. Neno lenyewe lilifika mpaka kwenye meno. Akafikiria Ijumaa, akafikiria jaji, akafikiria wale wote waliokuwa wakingoja upande wa pili wa kamera.

"Anza," akasema.

Mheshimiwa aliinama vizuri, kama walivyofanya mazoezi. Alishika jani kwa mikono miwili. Sauti yake, mtu akitaka kusema haki, ilikuwa nzuri siku ile.

"Mama Kaanaeli," alisema. "Nimekuja kukuomba msamaha. Nilikukosea. Ilipaswa nikutazame usoni kama mama yangu mzazi, mimi nikageuka, nikaendelea na mambo yangu. Naomba unisamehe."

Neno leso lilikuwa kwenye sentensi iliyofuata. Nancy aliliweka pale makusudi, ili kwanza watu wamwone anavyonyenyekea. Mheshimiwa hakulifikia. Koko alikuwa ameshalishika jani, amelivuta kifuani, na machozi yanamshuka bila yeye kuyafuta.

"Umekuja," Koko alisema. "Umekuja kweli. Mimi nilikufuata mpaka kanisani. Niliposikia unakuja kwenye harambee nikasema ngoja nimwendee, nimshike mkono, labda akiniona usoni ataniambia. Hukuniambia kitu. Nikarudi nyumbani nikasema huyu hatakuja mpaka wanifukie. Na leo umekuja na jina la mwanangu mdomoni."

Watu waliguna, ule mguno wa msibani. Koko akaendelea, na sauti yake haikutetemeka tena.

"Lori lilikuwa lako. Dereva wako alikwambia breki mbovu, ukasema wamalize tripu ya mwisho. Hayo alituambia dereva mwenyewe kabla hajafa, hospitalini. Ulituma jeneza na gunia la mchele. Wewe mwenyewe hukutia mguu hapa. Nimekusamehe, Parsimei. Umelitaja mwenyewe, nimekusamehe yote."

Nancy akayakumbuka maneno ya siku ile ya msiba. Tajiri mmoja wa mjini. Nancy ndiye aliyeandika wasifu wa Mheshimiwa, ule uliobandikwa kila mahali: mfanyabiashara wa miaka mingi katika usafirishaji wa vifaa vya ujenzi. Aliuandika kwa mkono wake, akachagua na picha, lori jekundu limesimama nyuma ya mwenye mali aliyekunja mikono. Na hakuwahi kujiuliza chochote.

Mheshimiwa hakuwa mwigizaji mzuri kiasi cha kuficha. Uso wake ulionyesha kwamba amekumbuka. Alilikumbuka lori, alimkumbuka dereva, labda alilikumbuka hata gunia. Aliyemsahau ni utingo, kwa sababu hakuwahi kumjua jina.

"Mama, hapana," alisema, akiwa bado ameinama. "Samahani. Mimi nimekuja kwa ajili ya leso."

"Leso?" Koko aliuliza. "Leso gani?"

 Mheshimiwa akamgeukia Nancy. "Mwambie," akasema, kisha kwa sauti ya chini, meno yamebana, "na mwambie huyo kijana azime hiyo kitu."

Daniel alimtazama Nancy, kidole kikiwa tayari juu ya kioo. Nancy alitikisa kichwa kumkataza. Alikuwa na hofu, lakini alimwona Koko ameshika jani kifuani na akajua kwamba kamera ikizimwa sasa, kesho kutakuwa na taarifa, na taarifa hiyo ataiandika yeye, na ndani yake Koko atakuwa bibi kizee aliyechanganyikiwa.

"Nancy, mjukuu wangu," Koko alisema. "Leso gani anayosema huyu?"

"Kuna picha, Koko. Ile siku ya kanisani. Ulipomshika mkono alijifuta kwa leso. Watu wameiona kwenye simu, nchi nzima. Wanamcheka."

"Wameniona na mimi?"

"Ndiyo, Koko."

"Na wanacheka nini?"

"Kwamba alikuona mchafu."

Koko alifikiri. Hakuwa na simu ya kuonyesha picha, hakuwa ameona chochote, na nchi nzima ilikuwa imekasirika kwa niaba yake bila yeye kupata habari.

"Mkono wake ulikuwa umelowa," alisema hatimaye. "Niliusikia nilipomshika. Mtu mwenye jasho si anajifuta?"

Alikuwa mtu wa kwanza Tanzania nzima kuliamini jambo lile, na Mheshimiwa aliinua macho kumtazama kama aliyetupiwa kamba. Lakini Koko alikuwa tayari ameliondoa jani kifuani. Alilinyoosha kwa vidole, akaliweka kwenye stuli mbele ya picha ya mwanawe.

"Basi hilo la leso halikuwa kosa. Jani hili limekuja bure," alisema. "La Kaanaeli je? Jani lake liko wapi?"



Babu Sifaeli alisogea mbele. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililotisha. "Masale yapo getini, Mheshimiwa, yamejaa," alisema. "Kata jingine urudi, tuanze upya. Sisi tupo. Tutakungoja."

Watu wakafungua njia. Mheshimiwa alinyooka, akatengeneza shati, akaanza kutembea kuelekea getini. Daniel alimfuata kwa kamera bila kuambiwa. Ilikuwa safari fupi, lakini Nancy aliona kama haifiki mwisho. Nenda, alimwambia kimoyomoyo. Kata tu jani moja, urudi. Kwa mara ya kwanza toka aanze kumfanyia kazi, hakuwa akiwaza picha itatokaje. Alimtaka tu yule mtu arudi kwa ajili ya Koko.

Kwenye ua wa masale Mheshimiwa alisimama. Alisimama kweli, kila mtu aliona. Mkono wake wa kulia uliinuka kidogo. Kisha ukaingia mfukoni, ukatoka na leso. Alijifuta kiganja kimoja, akajifuta na cha pili, akaingia kwenye gari. Dereva alikuwa hajazima injini.

V8 ilirudi kinyumenyume mpaka kwenye njia, ikateleza kidogo kwenye tope, ikaondoka. Hakuna aliyezomea. Wanawake wenye khanga nyeusi walikaa chini kwenye nyasi, mmoja baada ya mwingine, kama watu waliokwishajua kwamba wataendelea kungoja.

Simu ya Nancy iliita. Ilikuwa namba ya Mheshimiwa. Ikakatika, ikaita tena, huku juu ya kioo ujumbe ukimiminika kutoka kwa watu wa chama, kwa waandishi, kwa wakili. Nancy aliibonyeza mpaka ikawa nyeusi, akaitia mkobani.

Akatembea mpaka getini. Masale yalikuwa marefu kuliko alivyoyakumbuka. Alikata jani moja kwa kucha, maana hakuwa na kisu, likachanika kidogo upande mmoja. Akarudi nalo mpaka mbele ya kiti cha Koko na kupiga magoti kwenye udongo uliolowa. Babu Sifaeli alisogea, akasimama pembeni yao ili asikie.

Daniel alikuwa bado amemwelekezea kamera. "Dada," alinong'ona, "watu wanazidi kuingia. Sijawahi kuona hivi."

"Zima, Daniel."

"Sasa hivi? Ndiyo kwanza..."

"Nimesema zima."

Alingoja mpaka Daniel alipoishusha kamera na kukunja miguu ya stendi. Ndipo akamtazama Koko usoni. Koko alikuwa amezeeka sana.

"Shikamoo, Koko."

"Marahaba."

"Sikuja kumzika baba mdogo," Nancy alisema. "Na sikuuliza lori lilikuwa la nani."

Koko alinyoosha mkono mpaka ukaligusa jani, lakini hakulichukua.

"Endelea," alisema. "Bado hujalitaja la leo."